Mjomba, kila nikijitathmini naishia kutaka kuacha kuandika

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mdada wa miaka 27, nipo hapa Mtwara mjini, Chikongola. Mchana nipo steshenari, naprinti, napiga fotokopi, nawajazia watu fomu za chuo na za mkopo, jioni narudi nyumbani napika, na usiku mtoto akishalala ndo nashika simu naandika. Naandika simulizi, zile za sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, napost Facebook bure mpaka stori inapokolea halafu anayetaka yote anakuja WhatsApp, analipia buku kwa simu namtumia mpaka mwisho. Najua unazijua, wengi humu wanasoma.

Nilianza mwaka juzi. Stori yangu ya kwanza ilikuwa ya binti wa Newala, ametoka unyagoni juzi tu, akachukuliwa na mama mmoja kwenda Dar kufanya kazi za ndani. Mjomba ile stori niliiandika kama nimepandisha, naandikia mpaka jikoni, ugali unaungua sina habari. Watu walikuwa wananifuata inboksi, mwandishi umelala, weka inayofuata, kuna mama mmoja alinitumia voisi analia anasema huyu binti ni yeye kabisa miaka ile. Hela haikuwa nyingi ila nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuielezea.

Ya pili nikaanza ya mzee wa Tandahimba aliyeuza korosho zake kwa kangomba, wale walanguzi wa bei ya kutupa, kabla ya msimu kwa sababu mtoto anaumwa, halafu msimu ukafika bei ikapanda, sasa humo ndani kuna ugomvi wa ndugu na mambo mengi.

Mwezi wa sita mwandishi mwenzangu mmoja yuko Lindi, tulijuana humo humo grupuni, akaniambia ili motisha isikate lazima kila mwisho wa mwezi ukae chini ujitathmini. Nikaona ni wazo zuri, nikanunua kabisa kaunta buku. Kila tarehe ya mwisho nafungua naandika: laiki ngapi, komenti ngapi, wafuasi wameongezeka au wamepungua, hela imeingia shilingi ngapi. Basi mwezi wa sita na wa saba nikaona ile stori ya mzee wa korosho namba zake ndogo, nikajiambia hii watu hawaitaki, nikaiacha pale pale kwenye sehemu ya tisa. Nikaanza stori ya mtoto wa bosi wa Masaki, kuna mapacha, kuna mirathi, kuna Range Rover, maana ndo zinazopendwa. Mwezi wa nane ikapanda kweli. Wa tisa ikapanda kidogo. Wa kumi ikaanza kushuka na wa kumi na moja ndo usiseme, post ambayo zamani ingefika laiki mia nne sa hivi hata mia mbili haifiki, na wanunuzi wamekuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Sasa Mjomba, nikifikiria tu kwamba tarehe 31 inakuja na lile daftari linanisubiri naumwa tumbo. Na ukiniambia nifungue ile stori ya Masaki niandike sehemu inayofuata mwili mzima unakuwa mzito, naweza kukaa na simu saa nzima nikaishia kuangalia stetasi za watu. Mume wangu siyo mtu mbaya ila juzi kaniambia hiyo hela ya bando ungeweka kwenye kikoba si bora. Sikumjibu kwa sababu sikuwa na cha kumjibu.

Naomba unisaidie. Hizi tathmini niache? Au nazifanya vibaya? Mtu anatakiwa afanye kila baada ya muda gani? Na je ikitokea tathmini yenyewe ndo inaniambia sina kipaji, si nikubali tu yaishe?

Halafu la mwisho, yule mwenzangu wa Lindi tunatumiana tathmini kila mwezi, yeye ananitumia skrinishoti za namba zake na mimi zangu. Zake zinapanda. Nampenda kama kaka yangu ila kila nikiona meseji yake nasonya. Tuendelee au tuache?

Mimi,
Msimulizi wa Chikongola

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu, na huyo mtoto hajambo?

Nianze na ulichouliza ili usisome ukiwa na wasiwasi. Usiache kuandika na usiache kujitathmini. Ila hicho ulichokuwa unakifanya tangu mwezi wa sita kwenye kaunta buku acha leo, maana nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta sehemu ambayo tathmini yako ilikuuliza umeandika nini mwezi huu, umeandikaje, na ulijisikiaje ukiwa unaandika, sijaiona. Laiki ipo, komenti ipo, wafuasi wapo, hela ipo. Kazi yenyewe haipo. Umejitathmini nusu mwaka mzima bila kuitazama kazi yako hata mara moja.

Na ona kilichotokea, mana hili ndo linaloniuma. Ulikuwa na stori ya mzee wa Tandahimba, stori ya kwako kabisa, ya watu unaowajua wanavyoongea, wanavyonuniana, wanavyogombea mikorosho ya marehemu. Daftari likakwambia namba ndogo, ukaiacha sehemu ya tisa. Ukaenda Masaki. Sijui kama umewahi kulala hata usiku mmoja kwenye nyumba ya bosi wa Masaki, pengine hujawahi, basi unaandika vitu ulivyosoma kwa waandishi wengine walioandika vitu walivyosoma kwa wengine tena, na hapo hamu itatoka wapi? Halafu namba ziliposhuka ukabaki huna vyote viwili, wasomaji wamepungua na stori huipendi. Mwili kuwa mzito siyo uvivu mpwa wangu. Ungekuwa unajiuliza kila wiki ni wakati gani niliandika nikasahau muda, ungeliona hili mwezi wa nane kabla namba hazijakwambia chochote, kwa sababu mwezi wa nane namba zilikuwa zinapanda na wewe ndani ulikuwa unashuka.

Mkulima wa korosho anayekuja kuitazama bei ya mnada tu mwezi wa kumi, mwezi wa sita hakupulizia salfa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umekula maua yote, palizi hakufanya, huyo akikaa chini kulia na bei utamwambia nini? Bei haiko mikononi mwake, mikorosho ndo iko mikononi mwake. Wewe cha mikononi mwako ni usiku ule mtoto akishalala, sentensi, mhusika, kumaliza ulichoanza. Laiki ziko mikononi mwa watu wengine na nyingine ziko mikononi mwa mitambo. Januari 2018 Facebook walitangaza wenyewe kwamba watawaonyesha watu zaidi post za ndugu na marafiki na zile za kurasa zitaonekana kidogo. Sasa wewe unapost kwenye ukurasa, mtambo ndo unaamua nani aone, halafu mwisho wa mwezi unajilaumu kwamba umeharibu. Umeharibu nini?

Na kuna kitu kingine ambacho mtu wa Mtwara hakutakiwa aambiwe. Wasomaji wako ni akina nani? Kama ni watu wa huku kwetu, basi Oktoba na Novemba wako mashambani wanaokota korosho, wanaanika, wanapeleka ghalani, wanahangaika na chama cha ushirika kujua hela inaingia lini benki. Mvua zikianza Desemba wanalima. Nani anakaa saa nne usiku anasoma mapacha wa Masaki na mgongo unamuuma? Mwezi wa Ramadhani nao una mambo yake, wengi wanaziweka pembeni stori za mapenzi mpaka Idi. Kwa hiyo kulinganisha Novemba na Agosti ni kujidhulumu tu. Ukitaka kulinganisha, linganisha Novemba hii na Novemba ya mwaka jana, basi, na kama ya mwaka jana hukuandika popote, anza kuandika sasa mwakani utakuwa na cha kulinganisha.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya.

Kuna Mwingereza wa karne ya 19, Anthony Trollope, huyu alikuwa mfanyakazi wa posta, ameajiriwa kama wewe, anaamka alfajiri anaandika kabla ya kwenda kazini, na ameacha riwaya 47. Alikuwa na daftari limegawanywa kwa wiki. Kila siku anaandika amemaliza kurasa ngapi, ukurasa kwake ni maneno 250, na kila wiki anajipangia kiwango kulingana na kazi zake nyingine zilivyo, kwa kawaida kurasa kama 40, ila kuna wakati alijipangia 20 tu na kuna wakati akapandisha mpaka 112. Akiruka siku, daftari linamwonyesha pengo na anajua lazima alifidie. Nakuletea huyu kwa sababu mbili. Alichokuwa anakihesabu ni kazi iliyotoka mkononi mwake, kitu ambacho hakuna msomaji wala mhariri anayeweza kukipunguza. Na kiwango chake kilikuwa kinapanda na kushuka kufuata maisha. Wewe steshenari kipindi cha maombi ya mkopo inafurika, unasimama kutwa nzima, unarudi miguu imevimba, halafu unataka uandike sawasawa na mwezi ambao mnakaa mnapiga soga na bosi wako? Kipindi hicho jipangie sehemu moja kwa wiki na uifurahie. Kipindi kingine jipangie tatu.

Ya wiki iwe fupi sana, dakika kumi, siku moja unayoichagua, ukisema ni Jumapili baada ya kufua basi iwe hiyo hiyo. Andika umemaliza nini, hata kama ni nusu ya sehemu andika nusu ya sehemu. Andika ni wapi uliandika ukanogewa, taja kabisa, ile sehemu ya mzee kumficha mke wake hela. Andika kilichokukwamisha, na hapa uwe mkweli, umeme ulikatika, mtoto alikuwa na homa, au nilikaa na stetasi za watu, yote ni majibu. Halafu andika kitu kimoja utakachobadilisha wiki ijayo. Kimoja tu nasema, na kiwe kidogo kinachofanyika, kwa mfano nitaandika kwanza ndo niwashe data. Watu wengi wanaojitathmini wanashindwa hapa hapa, wanajaza ukurasa mzima wa maazimio halafu wiki inayofuata hawajatimiza hata moja wanajiona hawafai. Funga daftari kalale.

Unaweza kuona kama ni jambo dogo lakini lina uzito. Mtafiti mmoja wa Harvard, Teresa Amabile, na mwenzake Steven Kramer walikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238 wa kampuni 7, karibu shajara 12,000, na matokeo wakayatoa 2011. Walitaka kujua siku ambayo mtu anaipenda kazi yake ina nini ndani yake. Walichokiona ni kwamba kuliko mambo mengine yote, siku hiyo kazi ilikuwa imesogea mbele, hata kwa hatua ndogo, na iwe kazi yenye maana kwa huyo mtu. Sasa hatua ndogo ukiwa umechoka huwezi kuikumbuka, inapita tu, ndo maana unaiandika. Na hayo maneno kwamba iwe na maana kwa huyo mtu, yasome tena halafu fikiria Masaki na Tandahimba.

Ya mwezi iwe ndefu kidogo, tenga jioni moja, na kazi yake kubwa ni kusoma. Wewe mwenyewe ujisome. Chukua sehemu uliyoandika mwezi huu na nyingine ya miezi sita nyuma, zisome kwa sauti, siyo kwa macho, kwa sauti kabisa hata kama mume atakushangaa. Ukisoma kwa sauti utasikia pale mhusika anapoongea kama mtangazaji wa redio badala ya kuongea kama mama wa Newala. Utasikia sentensi ulizojaza tu ili sehemu ifike urefu. Angalia na mwisho wa kila sehemu, je umemwacha msomaji na hamu kwa sababu jambo limefika pabaya kweli, au umemkatia tu pale mlango unapogongwa? Mana hii ya mlango ukigongwa kila sehemu inachosha, na nahisi na wanunuzi wako imewachosha. Ukimaliza andika kitu kimoja ambacho mwezi wa sita ulikuwa hukiwezi na sasa unakiweza. Utakipata, nakuhakikishia, mtu hawezi kuandika usiku baada ya usiku kwa muda wote huo akabaki pale pale. Halafu andika kimoja ambacho bado kinakushinda, ndo cha kujifunza mwezi unaokuja.

Namba sikwambii uzitupe, unauza, na mtu anayeuza asiyejua hesabu zake ataumia. Ila zitazame mara moja kwa mwezi, tena siku nyingine, isiwe siku ile ya kusoma kazi yako, mana zikikaa meza moja namba inaimeza kazi. Na usianze na laiki. Anza na watu walionunua stori ya pili baada ya kununua ya kwanza, hao ndo wasomaji wako, hata wakiwa kumi na tano. Tazama komenti zenye neno ndani yake. Komenti mia za weka inayofuata ni nzuri, zinachangamsha, lakini ile voisi moja ya yule mama anayelia ina uzito kuzizidi zote na wewe unajua. Hiyo voisi kwenye daftari lako iko wapi? Hukuiandika popote. Ziandike hizo, tarehe na maneno yenyewe kama alivyosema mtu. Weka na hela iliyoingia, toa bando, upate ukweli wake. Hapo utakuwa na cha kumjibu baba watoto, na kama ukweli ni kwamba mwezi huu umepata hasara ya elfu tano mwambie ni hasara ya elfu tano na kwamba unaandika kwa sababu unapenda na unajenga kitu. Mtu mzima akipewa hesabu iliyonyooka anaelewa kuliko akijibiwa kwa kununa.

Jambo moja la pembeni, kabla hujaamini kwamba wanunuzi wamekuacha, chunguza kama hakuna aliyenunua kwa buku akamwaga stori nzima kwenye magrupu, mana hii tabia imezidi na waandishi wengi wa simulizi inawauma. Kazi ukishaimaliza unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili siku ukiikuta kwa mtu mwingine kajiandika jina lake uwe na pa kuanzia. Mtu kuiba kazi yako ni tatizo la kweli ila siyo ushahidi kwamba kazi ni mbaya.

Sisi wa pwani tumelelewa na hili jambo la muhasaba, mtu kujihesabu mwenyewe. Kuna kauli mashuhuri inayonasibishwa na Seyyidna Umar, khalifa wa pili wa Uislamu, jihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa. Ndugu zetu Wakristo wa Ndanda na Masasi nao wanalo la kwao la kutafiti dhamiri kabla ya kulala. Mtu anayejihesabu kwa haki anaandika na mema yake. Ukiandika mapungufu peke yake hujajihesabu, umejidhulumu. Mimi nakusisitiza hili kwa sababu naona vijana wengi wa huku wana vipaji vya ajabu vya kusimulia, wanaacha mwaka wa pili au wa tatu, na ukiwauliza wanakwambia niliona haiendi, lakini ukiuliza uliona wapi wanakuonyesha laiki.

Mara mbili kwa mwaka, tuseme mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, fanya ile kubwa. Hapo ndo unajiuliza naandika kwa ajili ya nani na nataka kwenda wapi. Na hapo ndo unatengeneza akiba ya stori unazotaka kuziandika mwaka unaokuja. Mpwa wangu, kusini hapa stori zimelala tu. Mifupa ya ile mijusi mikubwa ya kale, dainosaria, ya Tendaguru kule Lindi ilichimbwa kuanzia 1909 mpaka 1913, ikabebwa na watu wa huku kichwani, safari ya siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo iko Berlin watu wanalipa kiingilio kuitazama. Wale wabebaji walikuwa na wake, walikuwa na madeni, walikuwa na mapenzi. Nani kawaandika? Ule mradi wa karanga wa Waingereza Nachingwea ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 ukafa, mpaka reli yake ikang'olewa, kuna mabibi waliokuwa wasichana wakati ule. Mikindani ile na nyumba zake za mawe. Kijana aliyekuwa na umri wako Mtwara mwaka 2013 wakati wa vurugu za gesi, watu wakipinga bomba la gesi kwenda Dar, alilala wapi usiku ule? Uko steshenari, kila siku watu wanakuletea barua za mirathi na za talaka uwachapie, bila kumtaja mtu wala kutoa siri ya mtu wewe umekaa juu ya hazina.

Umeuliza kuhusu kipaji. Tathmini haiwezi kujibu hilo na usiiulize. Inaweza kukwambia mazungumzo yako ni mazuri na miisho yako ni mibovu, hilo ni jambo la kufanyia kazi. Ikitokea inakwambia miezi mitatu mfululizo kwamba hakuna sehemu hata moja uliyonogewa, basi maana yake ni stori siyo sahihi au umechoka, na ukichoka pumzika, lakini pumziko liwe na tarehe ya kurudi imeandikwa, kwa mfano narudi baada ya wiki tatu, na umwambie msomaji. Pumziko lisilo na tarehe ndo kuacha kwenyewe.

Kwa hiyo tarehe 31 hii usifungue laiki kabisa. Isome stori ya mzee wa Tandahimba kutoka sehemu ya kwanza mpaka ya tisa, kwa sauti, halafu uandike ya kumi. Ile ya Masaki waliolipia wamalizie, deni ni deni, hata kwa sehemu fupi fupi, ila usiiongezee mapacha wengine.

Na mwenzako wa Lindi msiachane, mwandishi asiye na mwenzake anapata tabu. Mwambie ukweli kwamba namba zake zinakuumiza, kama ni kaka kweli hatakucheka. Badala ya skrinishoti mtumiane mambo mawili tu kila mwezi, aya moja uliyoipenda katika uliyoandika na kile kitu kimoja unachobadilisha. Yeye asome aya yako akwambie kaona nini, wewe hivyo hivyo. Habari za laiki mkizitaka muongee mkikutana ana kwa ana, Lindi siyo mbali, ni nauli tu.